Kumfundisha mtoto kuihoji historia ya Majimaji: somo kwa hatua

Watoto wengi huijua Vita ya Majimaji ya 1905 hadi 1907 kwa sentensi moja: mganga Kinjikitile Ngwale aliwaambia watu kwamba dawa yake ingezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Somo hili, linalowafaa watoto wa darasa la tano na kuendelea, linaanzia hapo hapo.

Hatua ya kwanza. Andika sentensi hiyo ubaoni, kisha uliza: ni nani anayesema haya, naye aliyajuaje? Wape watoto muda wa kutosha, kwa sababu mwalimu anayelijibu swali hili mwenyewe huwanyima kazi iliyo yao.

Hatua ya pili. Waweke mashahidi wawili pamoja. Gavana von Götzen, aliyeliongoza koloni la Wajerumani wakati wa vita hiyo, katika kitabu chake cha 1909, aliyaita mapambano hayo uasi. Wazee waliohojiwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 walisimulia mashamba ya pamba ya kulazimishwa, viboko na ujira usiostahili kuitwa ujira. Watoto waeleze kwa nini mmoja aseme uasi na wengine wasimulie mateso hayo. Götzen alikuwa na utawala wake wa kuutetea, lakini hata masimulizi yaliyokaa kinywani kwa miaka 60 yana haki ya kuulizwa.

Hatua ya tatu. Linganisheni idadi ya waliokufa. Wajerumani walikadiria 75,000. Baadhi ya wanahistoria wa baadaye hutaja 250,000 au zaidi. Wengi waliuawa na njaa, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yaliteketeza mashamba na maghala ya chakula. Je, aliyekufa kwa njaa baada ya bunduki kunyamaza ahesabiwe? Mimi naamini ahesabiwe, ila waache wabishane kwanza.

Maswali na majibu

Swali: Mwalimu, mtoto akizoea kuhoji hivi hatawadharau wazee?

Jibu: Mfundishe aamkie, aombe ruhusa, kisha aulize, "Babu, wewe ulisimuliwa na nani?" Mzee huulizwa hivyo na mtu anayetaka kuyahifadhi maneno yake.

Swali: Darasani kwangu yumo mtoto ambaye babu wa babu yake alikuwa askari wa Wajerumani. Nimlindeje?

Jibu: Usimtake aujibie ukoo wake. Anza na Kiwanga, mtawala wa Wabena wa Ulanga, aliyesimama upande wa Wajerumani, na uwaulize wote alihofia nini na alitarajia nini. Mtoto huyo akipenda kuleta simulizi ya nyumbani, ipokelewe kama ushahidi, nayo iulizwe maswali yale yale.