Kupanga upya orodha ya hamingbadi kufuata mti wa ukoo: nilivyomwelekeza dogo wa chuo

Juzi dogo mmoja wa chuo kaniletea laptopu pale Mwanjelwa, Mbeya, kaambiwa orodha yake ya hamingbadi (ndege wadogo wanaonyonya maua) bado ina mpangilio wa vitabu vya zamani, aipange kwa ushahidi wa vinasaba. Tulikaa kwenye chai mpaka umeme ukakata, so naandika nisije nikaeleza tena. Na kabla hujauliza, hamingbadi huku hawapo, ni wa mabara ya Amerika tu. Wale wanaonyonya maua kule hifadhi ya Kitulo ni chozi, ukoo mwingine kabisa.

Hatua 1. Chukua mti wa McGuire na wenzake wa 2014, yaani mchoro wa ukoo wa hamingbadi uliotokana na vinasaba, una spishi 284. Printi karatasi kubwa, kwenye simu utaumia macho bure.

Hatua 2. Kwenye jedwali la orodha yako ongeza kolamu ya namba, uruke kumi kumi: 10, 20, 30, ibaki nafasi ya kuchomeka wapya. Mwaka 2024 yule hamingbadi mkubwa, Patagona, kagawanywa spishi mbili. Aliyehesabu 1, 2, 3 alianza upya.

Hatua 3. Weka makundi tisa: topazi (spishi 4 tu), hermiti, mango, halafu Lesbiini na Heliantheini ambao ni ndugu wanakaa jirani, Patagona, kisha Lampornithini na Mellisugini nao ndugu, mwisho Trochilini.

Hatua 4. Hapa ndo nilipoteza siku nzima zamani. Nilinakili majina kwenye picha toka juu kwenda chini, nikaona kazi imeisha, kesho yake nakuta mchoro mwingine wa mti uleule majina yamekaa tofauti, nikafuta kila kitu nikijua nimekosea. Kumbe kila fundo la mti, pale tawi linapogawanyika, linazungushika! Ni kama watoto wa bibi mmoja, umtaje Tulia kwanza au Anyosisye kwanza ukoo ni uleule, ila huwezi kuchomeka mtoto wa mama mwingine katikati yao. Sasa nani atangulie? Kawaida tawi lenye spishi chache linaanza, matawi yakilingana idadi unaanza na wanaoishi kaskazini magharibi unashuka kusini mashariki. Ila hesabu spishi ZOTE za tawi, hata ambazo huna kwenye orodha yako, la sivyo orodha yako na ya mwenzio hazitafanana kamwe. Na fundo likiwa na ushahidi dhaifu mimi siligusi, naacha mpangilio wa zamani, sioni haja ya kuhamisha ndege leo halafu mwakani umrudishe.

Hatua 5. Majina. Jenasi (jina la kwanza la spishi) ya Amazilia ilivunjwavunjwa, Stiles, Remsen na McGuire waliipanga upya 2017 pamoja na kundi lake lote la Trochilini, kwa hiyo Amazilia candida sasa ni Chlorestes candida. Ukitumia VLOOKUP, ile fomula ya kutafuta kwenye jedwali, kwa jina zima ndege wanapotea kimyakimya, dogo alipoteza wengi hivyo. Tafuta kwa jina la pili, kama candida, ukikumbuka mwisho wake nao unaweza kubadilika kufuata jinsia ya jenasi.

Hatua 6. Soti (panga) kwa ile kolamu ya namba, tumia LibreOffice, programu ya majedwali iliyo kwenye kompyuta yako mwenyewe, mambo ya intaneti ya kusubiri kiduara kizunguke siyataki. Chagua kolamu ZOTE kwanza. Dogo alichagua moja tu, majina yakabaki namba zikahama, ndo tukaagiza chai ya pili.