Jinsi ya kuutambua mguu wa Kigiriki ndani ya istilahi za tiba na sayansi

Kigiriki cha kale kina sura mbili za neno la mguu: pous likisimama peke yake, na podos likiwa katika hali ya umilikishi. Istilahi nyingi zimejengwa juu ya podos, ndiyo maana pod- imejaa vitabuni. Sura ya kwanza imebaki kwenye majina machache yenye -pus, kama Octopus, jina la kisayansi la pweza: nane na mguu. Hata polipu, kile kinyama kinachoota puani au kwenye utumbo mpana, asili yake ni "miguu mingi".

Kwanza tazama pod- imekaa wapi. Ikiwa mwishoni, mara nyingi ni jina la kundi la viumbe. Basi soma kutoka nyuma kwenda mbele. Gastropodi ni mguu na tumbo, yaani konokono. Sefalopodi ni mguu na kichwa: pweza na ngisi. Athropodi ni miguu yenye viungo: nzi, buibui, tandu. Dekapodi ni miguu kumi, na kaa yumo. Mwanafunzi akihesabu minane tu, amesahau magando mawili, maana nayo ni miguu.

Ikiwa mwanzoni, maana hubana: katika tiba podo- huwa ni kuanzia kifundo cha mguu kushuka, si paja wala goti. Podagra ni jongo la kidole gumba cha mguu, na agra ni kunasa. Mgonjwa atakayeguswa kidole hicho hata na shuka tu usiku ataelewa kwa nini. Likikamata mkono liliitwa kiragra.

Podokoniosisi, ugonjwa wa kuvimba miguu, inastahili kusomwa polepole, kwa sababu jina linataja chanzo: konis ni vumbi. Huwapata wanaotembea peku miaka mingi kwenye udongo mwekundu wa volkeno, kama nyanda za juu za Ethiopia, Uganda na Rwanda. Uvimbe huanzia wayoni na kupanda, kwa kawaida miguu yote miwili, na mara chache huvuka goti. Matende ya filaria, yaani ya minyoo membamba, huenezwa na mbu na yanaweza kuja pamoja na busha. Ukiyachanganya, mgonjwa atapewa dawa ya minyoo ilhali anachohitaji ni kuosha miguu kila siku kwa sabuni, mafuta ya kulainisha ngozi, na viatu.

Wakati mwingine mguu ni umbo tu. Podositi ni seli za figo zenye vijiguu vinavyokumbatia kapilari, mishipa myembamba ya damu, za chujio. Vikibapa, protini huvuja kwenye mkojo.

Mtego mkubwa ni ped-. Ukiona e badala ya o, simama. Pediatria imetoka kwa pais, mtoto. Ortopedia vilevile: Nicolas Andry, daktari Mfaransa, aliliunda neno hilo mwaka 1741 kutokana na orthos, nyoofu, na paidion, mtoto mdogo, ingawa leo wodi hiyo imejaa watu wazima waliovunjika miguu. Pedolojia ya wataalamu wa udongo ni pedon, ardhi. Pedali na pedikyua ni mguu kweli, ila wa Kilatini, pes. Pedikulosisi ni chawa.

O nayo si dhamana kamili: podikasti imetokana na iPod, kifaa cha kusikilizia muziki, na haina mguu wowote.