Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Buti la Skii la Kupandia Milima

Anayekwenda na skii, yaani mbao ndefu nyembamba za kutelezea juu ya theluji, kwenye milima isiyo na lifti za kuwapandisha watelezaji hutumia sehemu kubwa ya siku yake akipanda. Chini ya skii hubandika vitambaa vyenye manyoya yaliyolala upande mmoja, ambayo huiachia skii isonge mbele na kuizuia isirudi nyuma, na kisigino cha buti huinuka na kushuka katika kila hatua kwa saa nyingi. Buti la safari za namna hii lipimwe kwa kazi hiyo ya kupanda, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi: husimama wima dukani kwa dakika mbili, wakahisi ulaini, wakalipa. Nimeiona miguu ya waliochagua hivyo, na ndiyo maana ninaandika kwa mkazo.

Anza na urefu wa mguu. Mabuti ya skii hupimwa kwa kipimo kiitwacho mondopoint, ambacho ni urefu wa mguu kwa sentimita, kwa hiyo mguu wa sentimita 26.5 ni namba 26.5. Sahau namba ya viatu vyako vya kila siku. Simama ukiwa umegusisha kisigino ukutani, weka uzito juu ya mguu, na upime miguu yote miwili, maana ni nadra kulingana kabisa. Fahamu pia kwamba watengenezaji wengi hutumia ganda moja la plastiki, yaani sehemu ngumu ya nje ya buti, kwa namba mbili zinazofuatana, tofauti ikiwa katika kiatu cha ndani, kile laini kinachotoka, au katika wayo wa kutandika tu. Anayebadilisha nusu namba huenda akawa amerudishiwa ganda lilelile.

Nenda kujaribu mabuti alasiri, miguu ikiwa imekwisha kuvimba kidogo. Kata kucha kabla ya kwenda. Vaa soksi nyembamba, jozi moja tu, zinazopita juu ya ukingo wa buti; ukivaa jozi mbili zitasuguana na kukuletea malengelenge, na soksi nene sana hubana mishipa ya damu na kuongeza baridi uliyotaka kuikimbia.

Kisha toa kiatu cha ndani na uingize mguu katika ganda tupu. Sogea mbele mpaka vidole viguse kwa wepesi, halafu chungulia nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Kwa safari za kupanda, sentimita 1 na nusu hivi inatosha. Ikiwa chini ya sentimita 1, hilo ni buti la washindani wanaokubali kuumia. Ikizidi sentimita 2, lirudishe hata kama muuzaji analisifu. Angalia pia kama ganda linagusa vifundo au mfupa uliotokeza upande wa ndani wa mguu, kwa sababu kinachogusa kidogo sasa kitauma baadaye.

Rudisha kiatu cha ndani, vaa, na ufunge bizimu. Ukisimama wima vidole vitagusa mbele, na hilo lisikutishe. Kunja magoti, sukuma ugoko mbele, na utaona kisigino kinarudi mahali pake na vidole vinapata nafasi. Anayekataa buti kwa sababu vidole viligusa akiwa amesimama wima ndiye huondoka na buti kubwa kupita kiasi.

Katika jambo hilo nitakaa kidogo, kwa kuwa nimeshuhudia gharama yake. Mwenzangu mmoja, mtu mwenye nguvu na mzoefu wa kuteleza, alikuja kwenye safari ya siku kadhaa ya kutoka kibanda kimoja cha wapanda milima hadi kingine akiwa na mabuti mapya yaliyomzidi namba nzima. Mguu wake ni mpana mbele, na buti la urefu wake lilimbana pembeni, kwa hiyo akashauriwa achukue refu zaidi, akalisifu kwamba halimbani popote. Katika mwinuko wa kwanza alianza kuhisi joto kwenye visigino, lakini hakusema, kwa sababu hakutaka kutuchelewesha. Alichofanya ni kukaza bizimu za juu ya mguu. Kisigino hakikutulia, kwani nafasi ilikuwa nyuma na kukaza kulikuwa juu. Damu ndiyo iliyozuiwa, na vidole vikaanza kufa ganzi. Alipovua buti kibandani jioni, ngozi ya visigino vyote viwili ilikuwa imechubuka ikabaki nyama, na kwa kuwa mguu uliteleza mbele kila alipokata kona wakati wa kushuka, kucha za vidole gumba zilikuwa zimekuwa nyeusi. Asubuhi hakuweza kuingiza mguu. Tuliacha njia tuliyoipanga, tukateremka bondeni polepole, naye akiuma meno kila hatua, siku ambayo hali ya hewa ilikuwa nzuri kuliko zote tulizopata.

Tatizo lake lilikuwa upana, akatibiwa kwa urefu. Mabuti ya namba za katikati hutofautiana upana kuanzia takriban milimita 98 hadi 104 kwenye sehemu pana ya mguu, kwa hiyo mwenye mguu mpana atafute ganda pana la urefu wake halisi. Akilikosa, amwendee fundi wa mabuti ya skii, ambaye hulipasha ganda moto na kulisukuma nje mahali panapobana. Ganda linaweza kutanuliwa; kulipunguza haiwezekani. Kiatu cha ndani nacho, hasa kile cha povu linalofinyangwa kwa joto, hukandamizwa na kuwa chembamba kadiri kinavyotumika, hivyo buti linalokushika sawasawa leo litalegea kiasi, na lililolegea tangu dukani litakuwa limekushinda kabla ya msimu kwisha.

Kwa hiyo usilipe kabla ya jaribio la kisigino. Legeza bizimu, fungua wenzo wa nyuma ili buti liwe katika hali ya kutembea, kisha upande ngazi ukikanyaga kwa nusu ya mbele ya buti tu, kisigino kikining'inia. Endelea kwa muda, kisha ukae nalo mguuni nusu saa nzima, hata muuzaji akichoka. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya buti, au ukihisi joto hata dogo, hilo si buti lako.

Mengine yanakwenda haraka. Sehemu inayozunguka ugoko inapaswa kwenda mbele na nyuma bila kukupinga; nyuzi 60 ni mwendo mzuri. Buti jepesi lenye uzito wa karibu kilo 1 hukupunguzia kazi kila hatua, lakini mara nyingi huwa laini zaidi wakati wa kushuka na hukinga baridi kidogo kuliko lile la kilo 1 na nusu. Namba za ugumu wa buti linaposukumwa mbele, kama 100 au 120, hazina kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, kwa hiyo bonyeza mwenyewe. Hakikisha pia buti linakubaliana na vifungio vya skii zako, yaani vinavyolishika buti kwenye skii: vile vya pini, vinavyotokana na ubunifu wa Fritz Barthel wa Austria katika miaka ya 1980, vinahitaji matundu ya chuma mbele na nyuma, na soli ya kupandia milima inayofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 9523 si sawa na ya viwanja vya lifti inayofuata ISO 5355. Kifungio kisicholingana na soli huenda kisiachie mguu unapoanguka. Kama unatumia kramponi, ile miiba ya chuma inayofungwa chini ya buti, nenda nazo dukani.

Ukishanunua, livae buti nyumbani jioni kadhaa, na safari ya kwanza iwe fupi. Beba plasta ya kutosha, na ukihisi joto kisiginoni simama papo hapo, waambie wenzako, na ubandike kabla ngozi haijachubuka. Panda ukiwa umelegeza bizimu. Kabla ya kushuka, kwangua theluji na barafu katika matundu ya pini na kwenye wenzo, kisha uufunge. Vidole vikifa ganzi, legeza na uvichezeshe. Vikibaki vyeupe bila hisia, geuza safari. Usiku toa kiatu cha ndani kikauke, mbali na jiko, kwa kuwa joto kali huharibu povu. Soma taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji kila asubuhi, na umpange mwenye mguu unaouma katikati ya kundi, kwa sababu mtu mwenye maumivu hushawishika kukata njia ya mkato kwenye mteremko ambao asingeukanyaga akiwa mzima.