Ijaribu programu ya mauzo kabla hujaikabidhi duka

Fundi akimaliza kuweka programu ya mauzo dukani kwako Ngamiani, atauza soda moja, risiti itatoka, mtapeana mikono. Hayo ni maonyesho. Majaribio huanza pale unapoitafuta programu ikosee, na kazi hiyo haihitaji ujuzi wa kompyuta: daftari, kikokotoo, nusu siku, na keshia atakayeitumia. Fundi asiguse kibodi. Yeye anajua pa kubonyeza, na mkono wake hauendi pasipopitika.

Mwombe kwanza nakala ya mazoezi isiyounganishwa na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, maana risiti ya EFD ikishatoka, taarifa yake imekwenda Mamlaka ya Mapato (TRA) na soda ya majaribio imehesabiwa mauzo ya kweli. Kisha gawa ukurasa wa daftari safu nne: nilichofanya, jibu ninalotarajia, jibu lililotoka, tarehe. Safu ya pili ijazwe kabla ya kubonyeza. Ukiijaza baadaye, jicho litakubali chochote kilichoko kwenye kioo.

Anza na vipimo, kwa sababu duka la mtaani huuza robo na nusu, na hapo ndipo programu nyingi hujikwaa. Ingiza mfuko mmoja wa sukari wa kilo 50, bei tuseme shilingi 2,900 kwa kilo. Uza robo mara tatu, nusu mara moja, kilo mbili mara moja. Zimetoka kilo 3.25, kwa hiyo stoo isome 46.75. Ikisoma 47 au 46, programu inatunza namba nzima tu, na hesabu ya stoo haitakaa ilingane. Sasa tazama bei: robo ni shilingi 725, na chenji ya 25 huna. Utatoza 700 au 750? Uamuzi ni wako, lakini programu iandike kile kile kinachoingia kwenye droo. Ukitoza 700 huku yenyewe ikiandika 725, robo 40 zitaacha upungufu wa shilingi 1,000, na wa kwanza kutazamwa vibaya ni keshia.

Jambo hilo limewahi kupeleka watu jela. Uingereza, programu ya posta iitwayo Horizon ilionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo, na kati ya 1999 na 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa posta ndogondogo walitiwa hatiani. Hukumu nyingi zilifutwa kwa sheria mwaka 2024, wengine wakiwa wameshafilisika au kufariki.

Kama umesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, jaribu bidhaa ya 11,800 ambayo kodi ya 18% imo ndani ya bei. Kodi ni 1,800. Ukiona 2,124, programu imepiga 18% juu ya bei nzima. Punguzo nalo lipimwe mpakani: kama linaanza 100,000, uza 99,950, kisha 100,000 kamili, kisha 100,050. Ile ya katikati ndiyo hukosewa.

Sasa ichokoze. Katikati ya mauzo, chomoa waya wa umeme; rudia mara kumi, kila mara hatua tofauti. Ikiwaka, mauzo yawepo yote au yasiwepo kabisa. Bidhaa ikipungua stoo bila fedha kuandikwa, hiyo ni hitilafu kubwa, usipokee kazi. Kisha zima data, uza mara tano, washa: yaonekane matano, si manne wala kumi. Kwa malipo ya simu, ingiza namba ile ile ya muamala mara mbili. Ya pili ikataliwe, maana mtandao ukizubaa keshia hubonyeza tena.

Tarehe jaribu kwa 3 Aprili. Ripoti ikiipeleka Machi, inasoma mwezi kwanza kama Wamarekani. Saa nayo: seva nyingi, yaani kompyuta za mbali zinazotunza kumbukumbu, hufuata saa ya kimataifa ya UTC, nasi tumeitangulia kwa saa tatu. Kosa hilo halionekani mchana. Litajitokeza siku za kuelekea Idi, duka likikesha, mauzo ya saa nane usiku yakihesabiwa ya jana.

Ukikuta kosa, usimwambie fundi “programu mbovu”. Mwandikie hivi: “Nimeuza robo ya sukari mara tatu kutoka mfuko wa kilo 50. Nilitarajia 49.25, imeandika 49.” Umpe na picha ya kioo. Akirekebisha, rudia daftari lote, hata kurasa zilizokuwa sawa, kwani rekebisho la stoo huweza kuvunja punguzo.

Baada ya hapo tumia programu na daftari la zamani sambamba wiki mbili, moja kati yake iwe ya mwisho wa mwezi. Toleo jipya likija, lirudi kwanza kwenye nakala ya mazoezi, na lisiwekwe dukani Ijumaa jioni, fundi akiwa njiani kwenda Korogwe.