Ukimsifu mfanyakazi, taja alichofanya

Kwa wenye kusimamia watu, hasa huku Zanzibar kwenye mahoteli ya Paje na Nungwi msimu wa wageni ukichanganya: kijana akifanya vizuri usiishie kumwambia "Mashaallah, una akili wewe." Taja kitendo chenyewe: "Ulivyomsomea mgeni oda yake kabla hujaipeleka jikoni, ndiyo maana leo pweza hajarudishwa." Mwambie papo hapo, usingoje kikao cha mwisho wa mwezi. Akili mtu hawezi kuirudia kwa makusudi, lakini kusoma oda anaweza kurudia tena kesho. Tena aliyezoea kuitwa hodari huanza kukwepa kazi ngeni, maana akikosea anaona sifa yake imeondoka. Wanasaikolojia Mueller na Dweck waliliona hilo Marekani, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1998: watoto wa skuli waliosifiwa akili, walipofeli maswali magumu, walikata tamaa mapema kuliko waliosifiwa juhudi. Wale ni watoto, sawa, lakini kwa ninayoyaona kazini, watu wazima nao ni hao hao.

Lakini sifa haifanyi kazi pale mambo yameharibika. Kumsifu mtu wa mapokezi kwa "kujitahidi" huku bili zake zina makosa ni kumlaghai, na mwenyewe anajua; hapo kaa naye mpitie bili moja mstari kwa mstari. Na kama mshahara umechelewa, au mashine ya kadi ni mbovu tangu Ramadhani, sifa haitasaidia kitu. Itengenezwe mashine kwanza.