Andika siku ya kupandisha: kila mnyama huzaa kwa namna yake

Maboma mengi ya Vihiga na Kakamega huwa na ng'ombe, sungura, kuku na pengine kidimbwi cha samaki, na mwenyewe husema watazaa siku yao ikifika. Hiyo siku ujue mapema. Ng'ombe hubeba mimba takriban siku 283, mbuzi 150, nguruwe 114, sungura 31. Kuku hulalia mayai siku 21, lakini bata wenye uso mwekundu hufika 35. Usiyatupe mayai siku ya 30 ukidhani yameoza.

Sungura ndiye anayewachanganya wengi. Jike hapevushi yai mpaka apandwe, basi usingoje dalili za joto kama za ng'ombe. Mpeleke yeye kwenye kizimba cha dume. Dume akiletwa kwake, watapigana. Siku ya 28 mwekee sanduku lenye nyasi kavu. Ukimwona akijinyofoa manyoya ya kifuani, usikimbilie dawa ya upele: anawatandikia watoto, ambao huzaliwa uchi, macho yamefumba. Huwanyonyesha mara moja hivi kwa siku, kwa kawaida usiku, kwa hiyo kukaa mbali nao mchana si kuwakataa. Watazame matumbo, yakiwa ya mviringo, wameshiba.

Ng'ombe mkaushe maziwa siku 60 kabla ya kuzaa. Ndama hutanguliza kwato mbili za mbele, pua juu yake. Ukiona vingine, mwite daktari wa mifugo, usivute. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ndama apewe mapema, saa za kwanza kabisa.

Kwa ngege (tilapia) wa bwawani, shida ni kuzaa mno. Jike huyaokota mayai na kuyaatamia mdomoni, na hata baada ya kuanguliwa watoto hukimbilia humo wakitishwa. Ndiyo maana wengi hupona. Akifika miezi mitatu hivi anaweza kuwa ameanza, na mwisho wa msimu unavua samaki wa ukubwa wa kidole, chakula chote kimeliwa. Nunua vifaranga vya madume watupu kutoka kituo cha kuzalishia unachokiamini. Ukiwa tayari umechanganya madume na majike, tia kambare wachache wawapunguze watoto, ila kambare watie baada ya ngege kukua. Ukiwatia mapema watakula vifaranga ulivyonunua. Kambare wenyewe ni nadra kuzaa bwawani, kwa hiyo utawanunua tena kila msimu.