SOMO: Kuanzisha na kuendesha timu ya soka ya wanawake mtaani (soma yote kabla ya kuuliza)

Ndugu zangu, kila wiki napokea ujumbe uleule: "Dada, nataka kuanzisha timu ya mabinti, nianzie wapi?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, leo naandika mara moja. Nipo Temeke, mwaka wa tisa huu nikiwa katibu wa timu ya ridhaa. Hakuna anayelipwa. Kipa wetu ni fundi cherehani, mabeki wawili wanasuka nywele, wengine wanauza mboga au wanasoma.

Hatua ya 1: Wachezaji. Sheria inaruhusu mechi kuanza mkiwa 7, ila tafuta 20 na zaidi. Kila wiki kuna mwenye mitihani na kuna anayeuguza.

Hatua ya 2: Kiwanja. Barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, au kwa mkuu wa shule kama uwanja ni wa shule, ikitaja siku na saa zenu. Bila barua, timu ya kaka zetu ikifika saa kumi mtaambiwa msogee pembeni, na mtasogea kila siku.

Hatua ya 3: Wazazi. Nenda nyumbani kwa binti kabla ya mazoezi ya kwanza. Aende mwanamke, asiende kocha wa kiume peke yake. Kwa walio chini ya miaka 18, ruhusa iwe ya maandishi. Mzazi aelezwe nani atamrudisha mwanawe na saa ngapi, na saa hiyo iheshimiwe.

Hatua ya 4: Usajili. Andaeni katiba, muhtasari wa mkutano na orodha ya wanachama, mwone afisa michezo wa wilaya. Vilabu husajiliwa na Msajili wa Vyama vya Michezo, chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Mkishasajiliwa, ombeni uanachama chama cha soka cha wilaya.

Hatua ya 5: Vifaa. Mpira namba 5, filimbi, koni, vizuia ugoko. Njumu za mtumba zinatosha. Jezi zinaweza kusubiri.

Hatua ya 6: Fedha. Hapa naomba mtulie, kwa sababu hapa ndipo nilipoivunja timu yangu mwenyewe. Mwaka wa pili michango ilikuwa inaingia kwenye simu yangu, ileile ya biashara yangu ya vitenge. Hesabu nilizishika kichwani. Tukacheza bonanza, tukashinda sh. 300,000. Nikalipa nauli, nikanunua soksi, nikampeleka beki hospitali, nikabaki na sh. 14,000 bila risiti hata moja. Sikuiba. Lakini mama mmoja aliposimama mbele ya wachezaji akauliza zile laki tatu ziko wapi, nilitaja nilivyokumbuka na jumla haikufika. Wiki iliyofuata mabinti 7 hawakuja. Mmoja wao alikuwa winga bora niliyewahi kumwona kwenye viwanja vya mchanga. Nilikwenda kwao mara tatu, baba yake akakataa kunisikiliza. Hakucheza tena.

Kwa hiyo:
- Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Hela ya timu isilale kwenye simu ya mtu hata usiku mmoja.
- Mweka hazina asiwe kocha wala katibu.
- Bodaboda hatoi risiti, basi andika kiasi na tarehe kwenye hati, dereva atie saini.
- Zawadi ihesabiwe uwanjani, wachezaji wote wakiona, kabla ya kupanda gari.
- Daftari lisomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi, hata salio likiwa sh. 2,000.

ONYO: Hela ya timu haikopeshwi. Si kwa kocha, si kwa saa moja.
ONYO: Mfadhili akileta jezi kwa sharti la kuchagua nani acheze, mshukuruni na mzirudishe.

Hatua ya 7: Mazoezi. Mara tatu kwa wiki. Kupasha misuli kusipungue dakika 20. Wanawake huumia kano za goti zaidi kuliko wanaume, hivyo wafundishe kutua kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo.

Hatua ya 8: Historia. Andikeni kila mechi: tarehe, kikosi, matokeo, nani kafunga. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walicheza fainali za Afrika kule Afrika Kusini mwaka 2010, ilhali Ligi Kuu ya Wanawake hapa Tanzania ilikuja kuanza msimu wa 2016/17, bingwa wa kwanza akiwa Mlandizi Queens. Jiulize wale dada wa 2010 walilelewa na nani, kama si timu ndogo kama hizi zetu.

MASWALI

Mdau wa Kahama: Mkuu, nina mabinti tayari. Naanzia wapi, na usajili bei gani?
Jibu: Hatua ya 2. Bei kaulize kwa afisa michezo, hatua ya 4.

Mdau wa Mbagala: Hayo ya daftari ni ya wasioaminiana. Kwetu kocha ndiye anashika hela na hakuna neno.
Jibu: Na mimi niliaminiwa, ndugu yangu, ndiyo maana hakuna aliyenidai daftari mapema. Daftari linamlinda kocha wako. Nimeshaeleza lililonipata, sitabishana zaidi.

Mdau wa Tanga: Shikamoo dada. Mabinti wangu wanne wanavaa hijabu na wanataka miguu isionekane. Mwamuzi anaweza kuwatoa?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Vitambaa vya kichwani vimeruhusiwa rasmi na sheria za soka tangu 2014. Kiwe cheusi au cha rangi kuu ya jezi, na wote wanne wafanane. Kisishonewe kwenye jezi, kisiwe na ncha inayoning'inia, na pini zisiwepo kabisa. Suruali ya kubana chini ya bukta nayo inakubalika, iwe rangi ya bukta. Kuna fundi hapa kwetu anavishona hivyo vitambaa vya kichwani kwa kitambaa cha jezi, havitelezi. Nitakutumia kipimo.

Mwanafunzi wa historia, Dodoma: Dada, hatua ya 8 imenigusa. Ipo timu ya ridhaa ya zamani ambayo kumbukumbu zake zimebaki?
Jibu: Ipo, na naipenda sana. Wanawake wa kiwanda cha Dick, Kerr mjini Preston, Uingereza, waliunda timu mwaka 1917, wakichangia askari majeruhi wa vita. Tarehe 26 Desemba 1920 watu 53,000 waliwatazama Goodison Park, Liverpool. Tarehe 5 Desemba 1921 chama cha soka cha England kikavikataza vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja. Kilisema mchezo hauwafai wanawake, kikataja pia malalamiko kwamba mapato yalitumika nje ya hisani. Unaona daftari lilivyo? Asiyekutaka huanzia kwenye hela. Marufuku ilikaa karibu miaka 50, lakini wao walicheza popote walipopata nafasi, hadi 1965. Winga wao wa kushoto, Lily Parr, anakumbukwa hadi leo.

Mwanafunzi wa historia, Dodoma: Ahsante dada. Naanza kuwahoji shangazi zangu, walikuwa wakicheza shuleni.
Jibu: Anza na mkubwa wao. Rekodi sauti na uombe picha.

Mama wa Ilala: Nyongeza: sanduku la huduma ya kwanza liwe na pedi na bukta nyeusi ya akiba.
Jibu: Ahsante mama, nimeongeza kwenye orodha yetu.

Mdau wa Kahama: Njumu za mtumba zikilowa zinanuka, mnafanyaje?
Jibu: Hili ni swali sasa. Toa soli za ndani, jaza gazeti, badilisha baada ya muda wa saa mbili, ziache kivulini penye upepo. Usianike juani, gundi inaachia.